Tshangalele: ziwa la barage ya Mwadingusha, samaki wake na ndege wake

Katika jimbo la Haut-Katanga, kati ya Lubumbashi na Likasi, kuko ziwa ambalo wazee wa zamani hawakulijua. Jina lake ni Tshangalele. Wengine wanaandika Changalele, vitabu vya wakati wa Wabeleji vinasema ziwa la Lufira, na watu wa umeme wanaliita tu ziwa la Mwadingusha. Majina ni mengi lakini maji ni yaleyale. Ziwa hilo halikuumbwa na mvua wala na volkano. Lilitengenezwa na watu kunako mwaka 1930, wakati mto Lufira ulipofungwa kwa barage juu ya maporomoko ya Mwadingusha.

Msafiri anayepita kwa barabara kubwa ya Lubumbashi kwenda Likasi analijua ziwa hili kupitia samaki wa Kapolowe, wabichi na wakavu. Wengi wanaonunua samaki hao hawajui kama wanakula matunda ya kiwanda cha umeme.

Namna ziwa lilivyozaliwa

Mto Lufira unatokea kusini ya Katanga, upande wa mpaka na Zambia. Unapanda kuelekea kaskazini, unapita mashariki ya Likasi, halafu unashuka milima kwa maporomoko na makorongo, hata kuungana na mto Lualaba katika bonde la Upemba. Kwa hiyo maji ya Tshangalele hayabaki Haut-Katanga. Yanaendelea mpaka Kongolo, Kindu na Kisangani, na mwisho wake ni bahari.

Miaka ya 1920, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa inajenga kiwanda cha Shituru, kule Likasi, mji ambao wakati wa ukoloni uliitwa Jadotville. Kazi ya Shituru ilikuwa kusafisha shaba kwa nguvu ya umeme, na kazi ya namna hiyo inakula umeme mwingi sana. Makaa ya mawe hayakutosha. Wahandisi wakaangalia maporomoko ya Lufira, ambako maji yanaanguka zaidi ya metre 100, wakaona njo pale pa kuweka mashine. Kampuni tanzu ya umeme, Sogefor, ikajenga barage na santrali.

Santrali ilipewa jina la Francqui, na maporomoko yenyewe yalikuwa yameitwa Cornet. Baadaye, kunako mwaka 1950, santrali ya pili ilijengwa chini kidogo, pale Koni, ikaitwa Bia. Majina haya matatu yanatoka katika safari moja: ile ya Kapiteni Lucien Bia, Émile Francqui na mjiolojia Jules Cornet, waliofika Katanga miaka ya 1891 hadi 1893 kutafuta madini na kuwekea Leopold wa Pili mkono juu ya inchi. Bia alikufa njiani mwaka 1892. Cornet ndiye aliyeandika juu ya utajiri wa udongo wa Katanga. Miaka karibu arobaini nyuma, mto uleule ukageuzwa kuwa umeme wa kuyeyusha utajiri huo. Leo majina ya Wabeleji yamekwisha midomoni mwa watu, watu wanasema Mwadingusha na Koni.

Ukuta wenyewe si mrefu kama watu wanavyofikiri. Kilichofanya ziwa liwe kubwa ni inchi yenyewe. Juu ya maporomoko, Lufira ilikuwa inatembea polepole katika uwanda tambarare wenye vinamasi na matete. Maji yalipozuiliwa hayakupanda sana, yalitandaa. Njo sababu Tshangalele inafunika karibu kilometre za mraba 400, lakini kina chake cha wastani ni kama metre 2 ao 3 tu. Kwa wakaaji wa Goma na Bukavu, waliozoea Kivu yenye kina cha zaidi ya metre 480, hilo ni kama sahani karibu na pipa. Na tofauti nyingine: kule Bukavu barage ya Ruzizi inatumia maji yanayotoka katika ziwa lililokuwako toka zamani. Mwadingusha, kwanza walifunga mto, ziwa likaja nyuma.

Kazi ya ziwa ni kuwa ghala. Mvua ya Katanga inaanza mwezi wa kumi ao wa kumi na moja na kuisha mwezi wa nne. Kiangazi mto unapungua, lakini kiwanda hakipumziki. Kwa hiyo maji ya mvua yanawekwa ziwani na kuachiliwa kidogokidogo. Kila mwaka ziwa linajaa na kushuka, na kwa sababu si la kina, maji yakishuka kidogo tu ufuko unakimbia mbali. Mahali palipokuwa na mtumbwi panakuwa majani na matope. Yote yanayoishi Tshangalele, samaki, ndege na watu, yanafuata mwendo huo.

Samaki wa maji ya kina kifupi

Maji mafupi yanaingia jua mpaka chini, yanapata joto upesi, na majani yanaota mengi. Tilapia wanapenda hivyo. Miaka ya mwisho ya ukoloni, mtaalamu wa wanyama kutoka Ubelgiji, Jean-Claude Ruwet, alikaa kwenye ziwa hili kuchunguza tilapia na ndege, na maandishi yake ya miaka ya 1960 bado yanasomwa.

Kuko tilapia wa aina mbili ambao kila mvuvi anawatofautisha. Wa kwanza, ambaye wataalamu wanamwita Oreochromis macrochir, dume lake linajenga kiota cha mchanga na matope chini ya maji, kina umbo la kilima chenye shimo juu. Jike linakuja kutaga pale, halafu linachukua mayai ndani ya kinywa chake na kuondoka nayo. Watoto wanakulia mdomoni mwa mama. Wa pili, Coptodon rendalli, mwenye kula majani, hachukui mayai kinywani. Anachimba mashimo karibu na ufuko, anataga mle, halafu dume na jike wanalinda pamoja.

Kwa huyu wa pili, barage inaweza kuwa hatari. Mayai yake yako katika maji mafupi kabisa. Kama milango inafunguliwa na maji yanashuka haraka wakati wa kutaga, mashimo yanabaki juu ya inchi kavu. Yule anayebeba mayai mdomoni anahama na maji, lakini mwenye kulinda shimo hawezi kulihamisha.

Kuko pia kambale, anayeishi matopeni na anayeweza kuvumilia maji machafu yasiyo na hewa, na makobo, samaki mla samaki mwenye mdomo mpana. Kwa bukari na sombe, wote wanafaa.

Shida ya uvuvi hapa ni ileile ya maziwa mengi ya Kongo. Nyavu za matundu madogo zinapita kila mahali, na chandarua cha malaria, ambacho kilitolewa bure kulinda watoto kitandani, kinamaliza watoto wa samaki ufukoni. Wakati wa mvua, samaki wanapotaga, serikali ya jimbo hutangaza kufunga uvuvi kwa muda. Tangazo ni zuri. Lakini familia isiyo na shamba wala kazi nyingine haiwezi kula tangazo, na wavuvi wengi wanaingia majini usiku. Mwenye kusema wavuvi ni wabishi angetakiwa pia kuuliza kama walipewa nini cha kufanya katika miezi ile.

Madini ndani ya sahani

Jambo kubwa la Tshangalele halionekani kwa macho. Juu ya ziwa, upande wa Likasi, kuko karibu miaka mia ya kazi ya shaba na kobalti: migodi, viwanda, na siku hizi mashimo ya wakreza na mahali pa kuosha mawe. Mito midogo kama Panda na Buluo inapita katika eneo hilo, inachukua maji ya viwanda na vumbi la mvua, na kuyamwaga katika Lufira. Lufira inaingia ziwani. Na ziwa, kwa kuwa maji yake yanatulia, linafanya kazi ya chujio: uchafu unazama na kubaki matopeni. Kilichofanya pawe pazuri kwa samaki, yaani maji mafupi yanayotembea polepole, njo kilekile kinachoshika madini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walipima maji, matope, mimea na samaki wa Lufira ya juu, na kunako mwaka 2010 walichapisha matokeo: shaba, kobalti, zinki, risasi, kadmiamu na hata urani vinapita toka matope mpaka kwa viumbe. Mwaka mmoja mbele, wataalamu wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa vyuo vikuu vya Ubelgiji walikuwa wametangaza kama watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga wana kobalti nyingi sana ndani ya mkojo wao, na watoto ndio walizidi. Kunako mwaka 2016 uchunguzi mwingine, uliofanywa hasa juu ya samaki wa Tshangalele, ulisema wazi kama kula samaki wa ziwa hili ni njia moja ya madini kuingia mwilini mwa watu.

Hapa panatakiwa kusema kwa utaratibu, kwani habari za namna hii zinaleta woga, na woga unaua soko la mama asiye na kosa. Samaki wa Tshangalele si sumu ya kuua leo. Mtu akila samaki mmoja Likasi hatakufa usiku. Shida ni ya kila siku, mwaka nyuma ya mwaka, kwa mtu ambaye samaki ndiyo nyama yake pekee, na zaidi kwa mama mwenye mimba na mtoto mdogo. Tena samaki si njia pekee. Vumbi la nyumba, mboga zilizomwagiliwa maji ya mto, unga uliokaushwa chini kando ya barabara ya malori ya madini, vyote vinaongeza.

Kuna mambo machache yanayosaidia nyumbani. Ndani ya samaki, madini mengi yanakaa katika ini na matumbo kuliko katika nyama. Kutoa matumbo yote na kuosha samaki vizuri kunapunguza. Samaki wadogo wanaokaushwa na kuliwa wazima, pamoja na matumbo, wanabeba zaidi kwa kipimo kilekile, na si vizuri kuwafanya chakula cha kila siku cha mtoto. Kuchemsha hakuondoi madini. Moto unaua vijidudu, lakini hauyeyushi kobalti ikaondoka. Kubadilisha chakula, siku moja samaki, siku nyingine maharagi ao mayai, ni dawa kuliko kuchemsha masaa mawili.

Lakini mama wa Kapolowe hawezi kusafisha mto kwa kisu cha jikoni. Matope ya ziwa yamekusanya uchafu wa miaka mingi, na yataendelea kukusanya kama hakuna anayesimamisha maji machafu pale yanapotoka, yaani katika mabomba na mabwawa ya viwanda. Sheria za madini za Kongo zinaomba kila kampuni iwe na mpango wa kulinda mazingira. Mpango uko katika karatasi. Anayepima maji ya mto kila mwezi na kubandika matokeo pale ambapo wavuvi wanaweza kusoma, huyo bado anatafutwa.

Ndege mwenye jina la ziwa

Mwaka 1960, yule Ruwet wa tilapia alikamata ndege mmoja mdogo kwenye ziwa, wa jamii ya wale wanaosuka viota vya majani vinavyoning'inia. Dume lina uso mweusi kama amevaa barakoa, paji na kifua rangi ya machungwa iliyoungua, na tumbo la manjano. Ndege yule alipelekwa Ubelgiji, akakaa ndani ya sanduku la makumbusho zaidi ya miaka ishirini. Kunako mwaka 1982, Michel Louette wa makumbusho ya Tervuren na mwenzake C. W. Benson walimwangalia vizuri, wakasema huyu si kama wengine. Wakamwita Ploceus ruweti, kwa heshima ya aliyemkamata. Kwa Kifaransa na Kiingereza ndege huyo amechukua jina la Lufira.

Kisha kimya. Karibu miaka hamsini hakuna mtaalamu aliyemwona tena akiwa hai. Uhuru, kujitenga kwa Katanga, Zaire, vita: nani angekuja kutafuta ndege? Kunako mwaka 2009, Louette pamoja na Michel Hasson, mtu wa Lubumbashi anayejulikana kwa kazi ya viumbe vya Katanga, walitangaza kama amepatikana. Alikuwa palepale ziwani, anasuka viota vyake juu ya mimea inayosimama majini. Mwaka 2011 ikaandikwa kama anapatikana pia mahali pengine kwenye mto Lufira, si ziwani tu. Hiyo inaeleweka. Ndege hawezi kuzaliwa na barage ya mwaka 1930. Alikuwa mkaaji wa vinamasi vya Lufira toka zamani, na ziwa lilipotandaa likamwongezea nyumba.

Wataalamu hawakubaliani kabisa kama ni aina yake ya pekee, ao ni tawi la ndugu yake anayeishi upande wa kusini-magharibi ya Tanzania na Zambia. Mabishano hayo ni ya wataalamu. Kwa mkaaji wa Haut-Katanga, kilicho cha kweli ni kwamba ndege huyu hajulikani katika inchi nyingine yoyote. Wavuvi bila shaka walikuwa wanamwona kila siku wakati dunia inaandika kama amepotea, lakini hakuna aliyewauliza.

Kiota juu ya maji kinamlinda na nyoka na panya. Ila matete yakichomwa moto, ao yakikatwa yote, ao maji yakikimbia na kuacha mimea imesimama pakavu wakati wa mayai, ulinzi umekwisha. Pamoja naye wanaishi korongo, bata wa porini, mnandi anayekausha mabawa yake juu ya miti iliyokufa, na tai mla samaki ambaye sauti yake inasikika asubuhi kabla ya mitumbwi.

Karatasi za ulinzi

Kwenye karatasi, Lufira imelindwa vizuri. Kunako mwaka 1982, Unesco iliandika sehemu ya Lufira kama hifadhi ya viumbe na watu, moja kati ya tatu za namna hiyo Kongo, pamoja na Yangambi na Luki. Kunako mwaka 2017, bonde la Lufira liliingia katika orodha ya Ramsar, mkataba wa dunia wa kulinda vinamasi. Upande wa mashariki kuko hifadhi ya Kundelungu, toka 1970. Lakini wakaaji wengi wa kando ya ziwa hawajasikia neno Ramsar hata siku moja, na anayekata miti kwa ajili ya makala ya kuuza Likasi na Lubumbashi haoni mpaka wowote. Pori likikatwa, mvua inabeba udongo mpaka ziwani, na ziwa la metre mbili halina nafasi kubwa ya kupokea udongo.

Umeme unaenda wapi

Nyuma ya uhuru, Union Minière ilitaifishwa ikawa Gécamines, na mwishowe santrali ikabaki mikononi mwa SNEL. Mashine za mwaka 1930 zilizeeka. Kunako mwaka 2016, kampuni ya Ivanhoe Mines, pamoja na wenzake wa mgodi wa Kamoa-Kakula karibu na Kolwezi, ilianza kuzitengeneza upya kwa mapatano na SNEL. Kunako mwaka 2021 mashine sita zilikuwa zinazunguka, zenye nguvu ya karibu megawati 78 kwa jumla. Umeme huo unaingia katika mtandao mkubwa wa kusini, na sehemu yake ni ya mgodi.

Hiyo ina maana kwa ziwa. Miaka ile mashine zilipokuwa zimeharibika, mahitaji ya maji yalipungua. Sasa mashine mpya zinahitaji maji mwaka mzima, na anayeamua milango ifunguliwe siku gani anaangalia kwanza megawati. Mvuvi anajua maji yameshuka anapoona mtumbwi wake umekaa juu ya matope. Kama siku za kutaga samaki na siku za kushusha maji zingepangwa pamoja, na tangazo likatolewa mapema kwa vijiji, hata kwa redio, kazi ya umeme isingeharibika kwa hilo.

Nyaya zinatoka Mwadingusha zikipita juu ya mashamba na vijiji. Chini yake, katika nyumba nyingi za kando ya ziwa, usiku watu wanawasha tochi na kibao kidogo cha jua, na samaki wanakaushwa kwa kuni.